Mwalimu Asiyeandika Atafundishaje Kuandika?

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, hubeba maandalio ya masomo, chaki, picha alizochora mwenyewe kwenye makaratasi, na pengine mfuko wa vifuniko vya chupa vya kuhesabia. Kipindi cha insha kinapofika huandika ubaoni kichwa kama vile “Siku Nisiyoisahau”, huwaambia watoto waandike aya tatu, kisha huketi mezani kungoja madaftari. Jioni hushika kalamu nyekundu akasahihisha tahajia, herufi kubwa na nukta, na chini ya kila insha dhaifu huandika neno moja: “Jitahidi”. Neno hilo halimfundishi mtoto kitu. Ajitahidi vipi? Aanzie wapi? Mwalimu hasemi, kwa sababu naye mara nyingi hajui. Hajaandika hadithi tangu alipokuwa yeye mwenyewe mwanafunzi wa insha.

Hatuwezi kumwajiri mwalimu wa kuogelea ambaye hajapata kulowa. Mbona basi twaona ni jambo la kawaida kuwapa watoto mwalimu wa kuandika ambaye haandiki? Katika makala haya nakusudia kutetea rai moja, nayo ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuwa mwandishi wa hadithi, hata kama hadithi zake hazitachapishwa kamwe. Na kwamba njia ya kuufikia uandishi huo ni kusoma, lakini kusoma kwa namna ambayo wengi wetu hatukuizoea vyuoni.

Kisa cha mamba

Naomba ruhusa ya kusimulia aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mwanafunzi nilipangiwa Darasa la Nne katika shule moja iliyokuwa kando ya mto. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa watoto watano au sita, na hadithi zake walikuwa wamekwisha kuzihifadhi. Nikaona niwaandikie hadithi yangu. Niliandika habari za mtoto aitwaye Juma, mkaidi, aliyekatazwa na mama yake asiende mtoni. Nilipofika katikati ya kuisoma, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono akasema, “Mwalimu, ataliwa na mamba.” Darasa zima likacheka, maana ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Kurasa mbili zilizobaki niliwasomea watoto waliokuwa wakichungulia dirishani.

Siku ile nilidhani wamenikosea adabu. Baadaye nilitambua kwamba yule msichana alikuwa mhakiki wangu wa kwanza, na hukumu yake ilikuwa ya haki. Watoto wale waliishi na mto. Walijua mamba huota jua upande gani, mama zao hutekea maji wapi, na ni mitumbwi ya nani inayovuja. Hadithi yangu haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa na onyo tu, nalo onyo walikwisha kulisikia nyumbani kila siku. Nilikuwa nimeandika hotuba nikaiita hadithi. Na sababu yake haikuwa ya kutafuta mbali: muda wote wa chuo sikuwa nimesoma hadithi hata moja kwa shabaha ya kujua jinsi ilivyotengenezwa. Nilikuwa nimesoma ili nijibu maswali.

Je, uandishi ni kipaji?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayafundishiki. Kwamba mwandishi huzaliwa, na asiyejaliwa aache. Sikatai kwamba watu hutofautiana. Lakini tukiichunguza fasihi yetu wenyewe, twaona kwamba hata wale tunaowaheshimu kwa vipaji walikuwa kwanza wasomaji wenye bidii, na alama za kusoma kwao zimo katika kazi zao. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni Shaaban Robert (1909–1962). Mtu huyu hakusoma chuo kikuu. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika ukarani wa serikali. Kitabu chake cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kina undugu ulio wazi na kisa kimojawapo cha Alfu Lela Ulela. Katika kisa kile cha Uarabuni, liwali wa Basra huwapiga mbwa wawili kila usiku kwa amri ya jini, na mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa maumbo kwa sababu ya khiyana yao. Kwa Shaaban Robert, Adili huwapiga manyani wawili. Mifupa ya kisa ni ile ile. Lakini majina ya watu na miji yamekuwa mafumbo ya tabia, lugha imekuwa yake, na jambo linalopimwa ni utu na uadilifu kama yeye alivyouelewa. Alisoma, akachukua, akageuza, akatoa kitu ambacho hakikuwako.

Mfano wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi yaliyoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1957 na 1958, nayo ikachapishwa mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, mtulivu, atazamaye vitu ambavyo wengine wamevipita, na pembeni yake yuko rafiki yake Najum. Aliyesoma visa vya Sherlock Holmes na Dakta Watson vya Arthur Conan Doyle atamtambua mara moja babu wa Bwana Msa. Hata hivyo hakuna atakayedhani kwamba yumo London. Mizimu, maneno ya watu na mwendo wa maisha ni vya Unguja. Jambo ambalo mwandishi aliliazima ni ufundi wa kuficha na kufichua: ni wakati gani msomaji aonyeshwe dalili, na ni wakati gani aelezwe maana yake. Kwa ufundi huo aliendelea kutunga vitabu kadhaa, hata Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984.

Mifano hii haituonyeshi kwamba waandishi ni waigaji. Yatuonyesha kwamba ufundi hupokewa. Mtu huupokea kutoka kwa waliomtangulia, kama kinyozi au seremala anavyoupokea, na mahali pa kuupokelea ni ndani ya vitabu.

Kusoma kwa jicho la fundi

Kijana anayejifunza ushonaji hufumua nguo kuukuu ili aone ilivyoshonwa. Sisi nasi yatupasa kuzifumua hadithi. Napendekeza hatua nne, ambazo mwalimu mwanafunzi aweza kuzifuata kwa kitabu kimoja na daftari moja.

Kwanza, soma hadithi mara mbili. Mara ya kwanza isome kama watu wote wasomavyo, kwa kufurahi, bila kalamu. Ukiona umechoka mahali fulani, au umesahau kupika kwa sababu ya kisa, weka alama ndogo pambizoni kwa risasi, kama kitabu ni chako, au andika namba ya ukurasa. Mara ya pili rudi mahali pale pale ujiulize: Ni nini kilichonichosha? Ni nini kilichonishika?

Pili, uliza maswali ya kifundi, si ya mtihani. Mtihani huuliza dhamira ni nini na funzo ni lipi. Fundi huuliza: Nani anasimulia, na anajua kiasi gani? Hadithi imeanzia wapi: mwanzo wa mambo au katikati yake? Mwandishi amenificha nini, na amenicheleweshea kwa muda gani? Mazungumzo haya yanasogeza kisa, au yanajaza ukurasa tu? Mhusika huyu nimemjuaje: kwa kuambiwa, au kwa kumwona akitenda?

Tatu, nakili aya moja kwa mkono wako. Zoezi hili huonekana la kitoto, lakini mkono huona mambo ambayo jicho huyaruka: urefu wa sentensi, mahali kitenzi kilipowekwa, neno ambalo wewe ungeliongeza bila sababu. Kisha funga kitabu, uiandike aya ile kwa kumbukumbu, ulinganishe. Pale ulipotofautiana na mwandishi ndipo penye somo lako. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba hili ni zoezi la daftarini. Kuchukua aya ya mtu na kuitoa kama mali yako ni wizi, na mwalimu akiiba watoto wataiba.

Nne, geuza. Chukua kisa ulichokisoma ubadilishe msimulizi, au mahali, au mwisho. Asimulie fisi badala ya sungura. Itokee katika mji wako wa leo, kwenye kituo cha basi. Ukifanya hivyo mara kadhaa utaona kwamba kisa cha asili kimeanza kukuachia mkono, na kilichobaki kwenye karatasi ni chako.

Nirudi kwa Juma wangu. Nilikuwa nimeandika hivi: “Juma alikuwa mtoto mkaidi sana. Siku moja mama yake alimkataza asiende mtoni, lakini yeye hakusikia.” Baada ya mwaka mmoja wa kusoma kwa namna niliyoieleza, niliandika upya: “Mama alipoita mara ya tatu, Juma aliurudisha mlango kwa kisigino ukajifunga. Ndoana aliyoikunja kutokana na sindano ya mama ilikuwa mfukoni, nayo ilimchoma pajani kila alipopiga hatua. Alishika njia ya migombani, kwa kuwa ile ya kisimani ilikuwa na watu.”

Sidai kwamba hii ni fasihi kubwa. Naomba tu mwalimu azilinganishe. Neno “mkaidi” limeondoka, na ukaidi umebaki. Sindano imetuletea swali ambalo halikuwako: mama atakapotaka kushona, itakuwaje? Mtoto anayesikiliza hana tena hakika ya mamba. Sasa anayo mambo mawili ya kuogopa, mto na sindano. Nilipoisoma kwa darasa jingine, hakuna aliyenitangulia kufika mwisho.

Hadithi za mdomo ni shule ya kwanza

Tusidhani kwamba kusoma ni vitabu peke yake. Hadithi walizotuhadithia bibi zetu zina ufundi uliopimwa na vizazi vya wasikilizaji, na msikilizaji wa usiku ni mhakiki mkali: akichoshwa husinzia. Tazama jinsi hadithi hizo zinavyotumia marudio. Jambo hutokea mara ya kwanza, likatokea mara ya pili vile vile, na mara ya tatu likavunjika. Mara mbili za kwanza humjengea mtoto matarajio. Mara ya tatu humshtua. Tazama pia wimbo uliomo ndani ya hadithi. Huwaingiza wasikilizaji katika kazi ya kusimulia, na huwakumbusha kisa kimefika wapi. Mwandishi wa hadithi za watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili ambaye hayajui mambo haya mawili anajinyima zana bora alizoachiwa.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu mwanafunzi wakati wa likizo na iwe kukusanya. Awaendee wazee kwa adabu, awaombe, awasikilize. Zamani ilihitajika mashine ya kunasia sauti. Leo simu ya mkononi yatosha. Lakini asiishie kunasa. Aandike hadithi neno kwa neno kama ilivyosemwa, kisha aiandike tena kwa ajili ya msomaji asiyemwona msimulizi. Atagundua ni mambo mangapi yaliyokuwa yamebebwa na sauti, macho na mikono, ambayo sasa hana budi kuyatafutia maneno. Ugunduzi huo hauwezi kuletwa na mhadhara wowote.

Vifaa vilivyo karibu

Cha kwanza ni kamusi. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, nayo imepata matoleo mengine tangu hapo. Wengi huifungua ili kutafuta maana ya neno gumu. Mwandishi huifungua pia kwa ajili ya maneno anayoyajua. Mtu anatembea, je, anajikokota, ananyata, anachechemea, au anayumba? Kila kitenzi kina mtu wake. Mwalimu ajiwekee daftari, na kila juma aingize humo vitenzi kumi vya namna hiyo, pamoja na sentensi aliyoitunga mwenyewe.

Cha pili ni vitabu vyenyewe. Anayeanza asitafute vingi. Atafute vichache vyenye mafunzo tofauti. Kusadikika (1951) kitamfundisha jinsi hadithi nyingi zinavyoweza kukaa ndani ya hadithi moja, maana Karama anajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe waliomtangulia. Kuli cha Adam Shafi (1979) kitamwonyesha jinsi tukio la kweli, yaani mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, linavyoweza kupewa uhai wa watu wa kubuni. Shida cha Ndyanao Balisidya (1975) na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi (1971) vitamwonyesha vijana wakibanwa na maisha na jamii. Kezilahabi mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa shule kabla ya kufundisha chuo kikuu. Kazi yetu basi haimzuii mtu kuandika.

Tafsiri nazo zisidharauliwe. Mwalimu Nyerere alipata nafasi, katikati ya kazi za dola, kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikatoka mwaka 1963 na ya pili, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Anayejaribu kutafsiri hata ukurasa mmoja hulazimika kulipima kila neno, na kupima maneno ndiyo kazi ya mwandishi.

Cha tatu ni vitabu vya watoto. Mwalimu anayetaka kuwaandikia watoto asome yale yaliyokwisha kuandikwa kwa ajili yao. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, uliwafunza waandishi na wachoraji na kusaidia vitabu kuchapishwa kwa Kiswahili. Vingi vyaweza kuonekana katika maktaba za umma. Avisome kwa sauti mbele ya watoto, huku akiwatazama nyuso.

Cha nne ni wenzake. Walimu wanafunzi wanne au watano wanaweza kukutana mara moja kwa juma, kila mmoja akasoma ukurasa wake kwa sauti. Kanuni iwe moja: asiseme mtu “nzuri” wala “mbaya”, bali aonyeshe mahali aliposhikwa na mahali alipopotea. Mwandishi anyamaze asikilize. Akianza kueleza alichokusudia, ni dalili kwamba hakukiandika.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba hatuna muda wala vitabu. Kuhusu muda, nakiri ukweli wake. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani hana jioni yake. Lakini ukurasa mmoja kwa siku si mzigo, na hadithi moja iliyoandikwa vizuri hutumika katika kipindi cha kusoma, cha ufahamu, cha imla na cha insha. Mwalimu aliyeitunga huokoa muda badala ya kuupoteza. Kuhusu vitabu, uhaba wenyewe ndio hoja yangu. Pale penye kitabu kimoja kwa watoto sita, ni nani atakayewapa kitu cha kusoma kesho, kama si mwalimu mwenye kalamu na karatasi ya manila?

Pingamizi ya pili haisemwi kwa sauti, bali huonekana kwa vitendo. Wengi wetu tulifika chuoni tukiwa tumesoma miongozo ya vitabu badala ya vitabu. Mwongozo hukueleza mhusika ni nani, dhamira ni ipi, na mbinu za kisanaa ni ngapi. Kwa kujibu mtihani yaweza kutosha. Kwa kujifunza kuandika haina faida, kwa sababu hakuna mtu aliyejifunza kupika kwa kusoma majina ya vyakula. Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed (1976) kimo katika sentensi zake. Ukiziondoa sentensi ukabakiza muhtasari, umeondoa kile ulichokuwa ukikitafuta. Mwalimu aliyelelewa na miongozo atawalea watoto kwa miongozo, na baada ya miaka ishirini tutashangaa kwa nini taifa halisomi.

Tamati

Pendekezo langu kwa vyuo ni dogo. Kila mwalimu mwanafunzi, kabla ya kumaliza mafunzo, awe na kitabu chake cha mkono chenye hadithi sita: mbili alizozikusanya kwa wazee, mbili alizozigeuza kutokana na alizosoma, na mbili alizozitunga mwenyewe. Kila hadithi iwe imesomwa mbele ya watoto na kuandikwa upya angalau mara moja, na pambizoni kuwe na maandishi ya yale watoto waliyosema. Wakufunzi wakikikagua kitabu hicho kwa uzito ule ule wanaoyakagua maandalio ya masomo, tutapeleka shuleni walimu ambao, wakiona insha dhaifu, hawataandika “Jitahidi”. Wataandika: “Umeniambia bibi yako alihuzunika. Alifanya nini na mikono yake?” Na mtoto atajua la kufanya.

Yule msichana wa dawati la nyuma ni mtu mzima sasa. Sikupata kumshukuru. Lakini kila ninapoandika hadithi, humweka mbele yangu, mkono wake ukiwa tayari kuinuka, na hujitahidi nifike mwisho kabla yake.